Njia ya Msituni Yataka Mwenyewe

Barabara inayofunguliwa kwa kukatwa utepe haikosi wa kuisemea. Siku ya kufunguliwa kwake huwepo ngoma, hotuba na wapiga picha, na kesho yake habari zake hujaa magazetini. Lakini ziko njia nyingine katika nchi hii ambazo hazijapata kuuona utepe, wala hazitauona: njia za udongo zinazopanda milimani na kuingia misituni, ambazo mwananchi huzipita kila siku, na kiongozi huzipita mara moja katika muda wake wote wa utumishi. Leo tunakusudia kuizungumza mojawapo, nayo ni njia inayopanda kutoka uwanda wa Sumbawanga kwenda katika msitu wa hifadhi wa Mbizi, mkoani Rukwa. Hatuizungumzi kwa kuwa ni mbaya kuliko zote. Tunaizungumza kwa kuwa kasoro yake ni kasoro ya njia nyingi, za Bara na za Visiwani, na dawa yake haina gharama kubwa kama wengi wanavyodhani.

Wasomaji wetu wengi wa Visiwani wanaijua Sumbawanga kwa jina tu, na aghalabu kwa mzaha, kwa kuwa jina hilo hufasiriwa kuwa ni "tupa uchawi". Yafaa tuiweke kando mizaha hiyo, tuitazame nchi yenyewe. Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974, na mwaka 2012 sehemu yake ya kaskazini ikatengwa kuwa Mkoa wa Katavi. Mji wa Sumbawanga, ulio makao makuu ya mkoa, umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai baridi yake humfanya mtu wa pwani atafute blanketi la pili. Wenyeji, Wafipa, ni wakulima hodari wa mahindi, maharage na ulezi. Tangu zama za kale wamezoea kurundika nyasi na udongo katika matuta ya mviringo waitayo intumba, ili nyasi zioze na kuwa mbolea. Mababu zao walikuwa mafundi wa kuyeyusha chuma katika tanuri za udongo zilizopita kimo cha mtu. Kilimo, mifugo, moto wa kila kiangazi na makaa ya tanuri hizo vimechangia kuufanya uwanda huo uwe nchi ya nyasi zaidi kuliko nchi ya miti.

Ndiyo maana msitu wa Mbizi una thamani kubwa. Umesalia juu ya milima iliyo kwenye ukingo wa uwanda, mahali ambapo nchi hukatika ghafla na kuteremka mita zipatazo 1,000 hadi bonde la Ziwa Rukwa. Ukingo huo wenyeji huuita Lyamba lya Mfipa. Msitu huo hunasa ukungu na mvua, na vijito vyake huwanywesha watu wa juu na wa bondeni. Ndani yake wamo mbega wekundu, waliotengana mbali sana na wenzao wa Gombe, Mahale na Kibale ya Uganda. Mbega hao ni jamaa wa kima punju wetu wa Unguja. Kwa hiyo msomaji wa Kitogani au wa Pete asione kuwa tunamsimulia habari za nchi ya mbali. Tunamsimulia habari za jirani ambaye hajapata kumtembelea.

Kutoka Dar es Salaam mpaka Sumbawanga ni mwendo wa zaidi ya kilometa 1,000. Zamani kipande cha mwisho kutoka Tunduma kilikuwa ndicho mtihani wa madereva. Lami ya barabara hiyo ilijengwa kwa msaada wa Marekani chini ya mpango wa Changamoto za Milenia wa miaka 2008 hadi 2013, na leo basi huteleza juu yake kupitia Laela bila ya taabu. Mgeni akishuka Sumbawanga hudhani kuwa tabu za njia zimekwisha. Kumbe ndipo zinapoanza.

Mwandishi wa makala haya alifika Pito, kata mojawapo ya Manispaa ya Sumbawanga, kwa shughuli za Chama, mara mbili katika mwaka mmoja. Mara ya kwanza ilikuwa Septemba, na mara ya pili Februari. Mara zote mbili, baada ya kumaliza kazi iliyompeleka, aliomba apelekwe msituni. Kwa msomaji wa Visiwani hapana budi tueleze kwamba huko hakuna vuli na masika kama tulivyozoea sisi. Mvua ni ya msimu mmoja. Huanza Novemba na kukoma Aprili, kisha hufuata karibu miezi sita ya ukavu. Basi safari ya kwanza ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, na ya pili katikati ya mvua.

Septemba njia ilikuwa ngumu kama sakafu. Vumbi jekundu lilifika kifundo cha mguu, na mashimo yalionekana wazi, hata kijana wa bodaboda akaweza kuyakwepa moja baada ya jingine. Tulifika bila ya shida mpaka mahali ambapo magari hukomea na njia ya miguu huanza. Kutoka hapo mtu huingia chini ya kivuli cha miti mikubwa, na akifika ukingoni siku isiyo na ukungu, bonde lote la Rukwa huwa limetandazwa miguuni pake. Mwandishi alirejea akiwa na furaha, na aliporudi Unguja aliwaambia wenziwe kuwa njia ni nzuri. Alisema aliyoyaona, lakini hakusema kweli yote.

Februari njia ile ile haikuwa njia ile. Udongo uliokuwa sakafu ulikuwa uji. Nyayo za magurudumu za kiangazi zilikuwa mifereji inayokwenda kasi, na shimo tulilolikwepa Septemba lilikuwa korongo lenye kina cha kiuno cha mtu. Gari letu lilikwama kabla ya nusu ya safari. Tulipoteza saa tatu tukikata matawi na kuyatandika chini ya magurudumu, na mwisho wake tulirudi nyuma, si mbele. Hatukuuona msitu siku hiyo ila kwa mbali, ukiwa umevaa kilemba cha mawingu.

Lakini hatukurudi mikono mitupu. Karibu na mahali tulipokwama palikuwa na mzee mmoja mwenye jembe, amekunja suruali hadi magotini, akizibua mtaro ulio mbele ya shamba lake. Mwandishi alimwamkia.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na tope."

"Tumekwisha poa, mzee. Kazi hii umetumwa na nani?"

Alicheka. "Atanituma nani? Nikiyaacha maji yaingie hapa, mwezi wa tatu binti yangu hatakuwa na pa kupita na gunia lake la maharage."

"Na kule juu, mbele ya shamba lako, nani anazibua?"

Alisimama, akaegemea jembe. "Kule si mbele ya mlango wa mtu. Kila kipande kingekuwa na mwenyewe, mwanangu, njia ingefika."

Maneno hayo machache yanatosha kuwa anwani ya makala haya. Mwandishi ameyasikia mengi katika mikutano juu ya barabara, lakini hajapata kuyasikia yaliyo mafupi na ya kweli kuliko hayo. Kwani adui wa barabara ya udongo ni maji, na gari ni msaidizi wake tu. Barabara iliyotengenezwa vizuri huwa na mgongo katikati, ili maji yagawanyike kushoto na kulia. Huwa na mitaro ya pembeni ya kuyapokea, na kila baada ya hatua kadhaa mtaro huchepushwa ili maji yamwagike majanini kabla hayajapata nguvu. Mgongo ukishalika kwa magurudumu, maji hayana pa kutokea. Hutembea juu ya barabara yenyewe, yakateremka mlima katika nyayo za magari, yakizidi kasi kila hatua. Kalavati moja lililozibwa na majani latosha kuyatoa maji mtaroni na kuyapandisha barabarani, na usiku mmoja wa mvua kubwa ukabomoa kazi ya mwezi mzima ya greda. Udongo unaochukuliwa haupotei hewani. Huteremka na mito hadi Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kuyatoa maji yake, nao hutuama humo.

Msaidizi wa maji, yaani gari, naye asisahauliwe. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa Marekani baina ya mwaka 1958 na 1960 yaliwafunza wahandisi kwamba madhara ya gari hayakui sawasawa na uzito wake. Ekseli ikibebeshwa uzito mara mbili, madhara hukaribia mara 16. Majaribio hayo yalikuwa ya barabara za lami na zege. Juu ya udongo uliolowa mtu hahitaji majaribio. Atazame tu mahali lori moja la magogo lilipopita asubuhi ya mvua.

Kadhalika mvua zenyewe hazituhurumii. Wananchi hawajazisahau mvua za El Niño za mwaka 1997/98, wala zile za 2023/24, ambazo ziliharibu barabara na madaraja katika mikoa mingi. Njia iliyoweza kuvumilia mvua za zamani bila ya mtaro haitaweza kuvumilia mvua zinazokuja kwa kishindo. Hali ya njia inabadilika kila msimu, na misimu nayo inabadilika. Mpango wa matengenezo unaoandikwa mara moja na kufungiwa kabatini hauwezi kufuatana na mabadiliko hayo.

Sasa tuulize: njia hiyo ni ya nani? Wako wanaodhani kuwa ni ya watalii na wapanda milima. Kwa fikra hiyo huiona kuwa ni anasa, ikangoje mpaka hospitali na skuli zitakapotoshelezwa. Fikra hiyo ina kosa. Siku ile ya Februari, katika saa tatu za kukwama, mwandishi hakumwona mtalii hata mmoja. Aliwaona wanawake waliojitwika mizigo ya kuni kavu, wakipita pembeni kwa kushikana mikono. Aliwaona watoto wa skuli wamevua viatu na kuvitia mifukoni. Aliona mkokoteni wa ng'ombe uliopakuliwa nusu ya mzigo ili upande. Alimwona mgonjwa aliyebebwa nyuma ya pikipiki, katikati ya watu wawili, kichwa kimelala begani mwa dereva. Mgeni mwenye fimbo na mkoba mgongoni ni mtumiaji wa mwisho wa njia hiyo, naye hapana ubaya akikaribishwa, kwani mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona kwa mgeni ambaye hakuweza kufika.

Yako mawazo mawili mengine ambayo hatuna budi kuyapima, kwa kuwa husemwa na watu wenye nia njema.

Wazo la kwanza ni la wale wasemao kwamba njia mbovu ndiyo mlinzi bora wa msitu. Ikitengenezwa tu, malori ya mkaa na mbao yataingia na msitu utakwisha. Hofu hiyo ina msingi, kwani duniani kote barabara mpya imekuwa mlango wa shoka. Hata hivyo, tope halichagui mtu. Mwizi wa msitu hakosi njia: mkaa hutolewa kwa baiskeli, kwa pikipiki na kwa vichwa vya watu usiku. Anayezuiwa na korongo ni askari wa misitu, ambaye gari lake haliwezi kufika, na gari la wagonjwa, na mwalimu. Msitu unaolindwa na tope hauna mlinzi. Una bahati tu, na bahati huisha kiangazi kikirudi.

Wazo la pili ni la wale wanaotaka lami mpaka chini ya mti wa kwanza. Hawa nao tunawaheshimu, lakini tunawaomba watutazame sisi wa Unguja. Barabara kuu iendayo Paje na Makunduchi inapita kando ya msitu wetu wa Jozani. Ilipotiwa lami katika miaka ya 1990, magari yaliongeza mwendo, na kima punju, ambaye asili yake haimo popote duniani ila katika kisiwa chetu, akawa anagongwa na kufa barabarani. Ilibidi yawekwe matuta ya kupunguza kasi, na vifo vikapungua. Lami ilikuwa na faida kubwa kwa watu wa Kusini, na hakuna anayetaka ing'olewe. Lakini somo lake ni kwamba kila njia ina mwendo wake unaoifaa, na mwendo wa barabara kuu haufai katikati ya mbega. Aidha, lami iliyolazwa mlimani bila ya mitaro husombwa kama udongo, na kuitengeneza upya hugharimu mara nyingi zaidi.

Basi tunachokitaka kwa njia ya Mbizi ni jambo la katikati, na la katikati si la udhaifu. Tunataka njia ya changarawe iliyoshindiliwa, yenye mgongo na mitaro, isiyopanuliwa kupita haja. Mahali penye mteremko mkali zaidi pangwe mawe, ambayo milima ya Ufipa haina uhaba nayo. Kizuizi kiwekwe mahali ambapo njia inaingia hifadhini, na malori ya mizigo mizito yasiruhusiwe kupita siku ambazo udongo umelowa. Gari dogo lipite kwa mwendo wa taratibu, mkokoteni upite, mgonjwa ateremshwe. Hayo yanatosha.

Linabaki swali gumu kuliko yote, nalo ni la mwenyewe. Kwa utaratibu wetu wa Tanzania Bara, barabara kuu na za mikoa zimo mikononi mwa TANROADS, iliyoundwa mwaka 2000. Barabara za wilaya, za mijini na za vijijini zimo mikononi mwa TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Njia zilizo ndani ya misitu ya hifadhi ya Serikali Kuu zinahusu Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mgawanyo huo una hekima yake, kwani kila chombo kina utaalamu wake. Lakini maji ya mvua hayaijui mipaka ya vyombo. Yanaanza juu msituni, yanapita mashambani, yanaishia barabara kuu, katika mteremko mmoja na kwa saa moja. Mtaro ulioachwa juu ya mpaka hubomoa barabara iliyo chini ya mpaka. Sisi watu wa bahari tunasema nahodha wengi, chombo huenda mrama; na chombo ambacho kila nahodha anadhani mwenzake ndiye aliyeshika usukani hali yake ni mbaya zaidi.

Dawa tunayoipendekeza ilikwishajaribiwa kwa majirani zetu. Mwaka 1974 Kenya ilianzisha mpango wa barabara za vijijini uliotumia zaidi mikono ya wananchi kuliko mitambo. Barabara zilipokwisha kujengwa, hazikuachwa zingoje greda ya mwaka. Mtu mmoja aliyekuwa akiishi kando ya barabara, na mara nyingi alikuwa miongoni mwa walioijenga, alipewa kipande chake cha kilometa moja na nusu au mbili, pamoja na zana za mkono. Kwa siku chache katika juma alizibua mitaro, akafagia makalavati, akajaza mashimo yangali madogo, akafyeka majani. Na alilipwa kwa kazi hiyo. Kila kipande kilikuwa na mwenyewe. Maneno ya mzee wa jembe yalikuwa yamekwisha kuwa mpango wa serikali ya jirani kabla ya baadhi yetu kuzaliwa.

Tunasisitiza neno kulipwa. Katika nchi yetu kujitolea kumejenga mengi, na sisi wa Chama hatuwezi kukubeza. Watu wazima wanayakumbuka madarasa, visima na barabara zilizojengwa kwa nguvu za wananchi. Lakini kuna tofauti baina ya kazi ya kujenga, ambayo huisha, na kazi ya kutunza, ambayo haiishi. Watu hukusanyika kwa shangwe kujenga. Hakuna anayekusanyika kwa shangwe kuzibua kalavati kila juma kwa miaka ishirini. Kumwomba mkulima maskini afanye bure, milele, kazi ambayo ofisa hulipwa mshahara kuisimamia, huko si kujitegemea. Ni kumtegemea mnyonge. Kazi ya mwaka mzima ina ujira wake, na ujira huo ukitolewa kijijini hubaki kijijini.

Je, fedha zitatoka wapi? Hatuoni kuwa jambo hilo ni gumu mno. Kila anayenunua petroli au dizeli hulipa tozo ya barabara. Mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 kwa kila lita, na fedha hizo zikaelekezwa kwenye barabara zinazosimamiwa na TARURA. Mwananchi wa Pito anayepanda bodaboda amekwishalipa sehemu yake bila ya kujua. Aidha, anayeingia katika msitu wa hifadhi kwa matembezi hulipa kiingilio. Pale Jozani sehemu ya mapato ya wageni hurudi katika jamii zilizouzunguka msitu, na ingawa ugawaji wake haujapata kuwaridhisha watu wote, umemwonyesha mwanakijiji kuwa mti uliosimama nao hulipa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imekwisha kuufungua mlango wa vijiji kushirikiana na Serikali katika usimamizi wa misitu ya hifadhi. Hatuoni sababu ya ushirikiano huo kuishia kwenye mti na kuiacha njia iendayo kwenye mti.

Jembe, sepetu, toroli na ujira wa watu kadhaa si mzigo wa kuishinda wilaya. Kinachoshinda ni gharama ya kungoja: kungoja mpaka mtaro uwe korongo, korongo likate njia, njia ihitaji kifusi cha malori mia na mkandarasi kutoka mbali. Wahenga walikwisha kusema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, na barabara ya mlimani ni ukuta uliolazwa chini.

Jambo la mwisho ni la ukweli. Mwandishi amekwisha kukiri kosa lake mwenyewe: alirudi Septemba akawaambia watu kuwa njia ni nzuri. Pengine yuko aliyemwamini, akaenda Januari, akalala ndani ya gari. Hali ya njia ya udongo ni habari ya siku, kama bei ya samaki Darajani au hali ya bahari ya Nungwi. Nahodha hatoki bandarini kwa kutegemea hali ya hewa ya mwezi jana. Basi mahali ambapo njia inaanza kupanda, usimamishwe ubao wenye maneno matatu tu ya kubadilishwa: Inapitika, Inapitika kwa Miguu, Imefungwa. Walinzi wa vipande ndio watakaotoa habari kila asubuhi, na mmoja wao auhudumie ubao huo. Leo, ambapo karibu kila mmoja ana simu mfukoni, habari hiyo itafika ofisini, zahanati na stendi ya mabasi kabla ya chai. Gharama yake ni ubao, rangi, na mtu anayeogopa kusema uongo. Kiongozi naye afikapo ziarani atausoma, na itakuwa vigumu kwake kusema katika mkutano kuwa njia inapitika mwaka mzima hali ubao unasema imefungwa tangu Disemba.

Kwa hiyo tunawaomba watendaji wanaohusika wafanye mambo manne kabla ya mvua za Novemba kuanza. Kwanza, wakutane mahali pamoja, juu ya njia yenyewe na si mezani, wakubaliane kwa maandishi nani anashika kipande gani, na nani anajibu kwa njia nzima. Pili, vijiji vilivyo kando ya njia vichague walinzi wa vipande, wanawake kwa wanaume, na ujira wao uandikwe katika bajeti ya kila mwaka, si katika ahadi. Tatu, kizuizi cha malori na ubao wa hali ya njia viwekwe. Nne, matumizi ya fedha za njia hiyo yabandikwe ofisi ya kijiji, mahali ambapo mzee wa jembe anaweza kusomewa na mjukuu wake.

Kwa wasomaji wetu wa Visiwani, ambao huenda wanauliza kwa nini gazeti lao limeshughulika na tope la Ufipa, tunajibu kwamba Muungano una maana hiyo pia, ya kujuana matatizo na kuazimana maarifa. Jozani imejifunza mambo ambayo Mbizi inayahitaji, na Mbizi inatukumbusha mambo ambayo sisi tumeanza kuyasahau. Njia zetu za mashamba, na zile zinazoelekea katika msitu wa Ngezi kule Pemba, nazo zina mitaro inayoziba na hazina mlima wa kutulazimisha tuione. Kila mmoja wetu autazame mtaro ulio mbele ya mlango wake kabla ya kuinyoshea kidole serikali.

Tulipokuwa wadogo chuoni, kabla hata hatujaweza kuhitimu juzuu ya kwanza, mwalimu alitufundisha kuwa imani ina matawi mengi, na kwamba tawi lake la chini kabisa ni kuondoa udhia njiani. Wakati huo tulidhani ni habari ya miba na mawe, tukawa tunashindana kuokota vijiti tukirudi nyumbani. Leo tunaona kuwa somo lile lilikuwa pana zaidi. Yule mzee wa Pito hakutumwa na mtu, hakupigwa picha, na hakuna utepe utakaokatwa kwa ajili ya mtaro wake. Alilifanya tawi lake. Sisi tuliokabidhiwa ofisi, mihuri na fedha za watu wake tumebakiwa na matawi ya juu zaidi, na mvua za Novemba haziko mbali.